Kisogo cha Mume Wangu

Mionzi iliua uvimbe, ikaondoka na nywele. Zikaanza kurudi, lakini si zote, na si zile zile. Mhariri wetu anasimulia yaliyotokea chumbani kwake, na anaeleza kile ambacho wengi wetu hatukiulizi hospitali.

Hebu nikuulize, mpenzi msomaji: mara ya mwisho kumwangalia mwenza wako kisogoni ilikuwa lini? Simaanishi usoni, wala lile tabasamu lililokunasa siku ya kwanza. Kisogoni. Mimi mpaka mwanzoni mwa 2023 ningekujibu kwamba sijui, na ningecheka. Leo naweza kukichora kisogo cha mume wangu nikiwa nimefumba macho.

Ilikuwa asubuhi moja ya Machi, wiki ya tatu tangu aanze mionzi. Natandika kitanda, nikaona foronya yake imejaa nywele fupi fupi nyeusi, kana kwamba kuna mtu kaja usiku akamnyoa akiwa amelala. Nilishtuka. Nikaikung'uta haraka dirishani, nikaugeuza mto upande wa pili, nikanyamaza. Nilipotoka bafuni nilimkuta ameshavaa kapelo, ndani ya nyumba, saa moja asubuhi, naye amenyamaza. Baadaye sana ndiyo nikaja kujua kwamba za jana yake na za juzi alizikung'uta mwenyewe.

Yaani watu wawili, ndoa moja, kitanda kimoja, na kila mtu anafagia nywele kwa siri.

Kinundu kisichouma

Nirudi nyuma kidogo. Mume wangu alikuwa na miaka 38, hajawahi kuvuta sigara, bia zake ni za wikiendi. Alianza na sikio la kushoto kuziba. Tukasema ni maji ya bahari, si unajua watu wa Dar na Jumapili za ufukweni. Kisha kikaja kinundu shingoni, chini ya sikio hilohilo. Hakikuuma. Akapewa antibayotiki mara ya kwanza, akapewa mara ya pili. Sehemu moja wakahisi ni kifua kikuu cha tezi. Miezi ikapita hivyo, mpaka daktari wa masikio, pua na koo alipoingiza kamera nyembamba puani, akakata kinyama kidogo kikaenda maabara.

Jibu: saratani ya nyuma ya pua, pale juu kabisa ambapo pua inakutana na koo. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Kumbe ipo sana kusini mwa China na nchi za jirani zake, ipo Afrika Kaskazini, na huku kwetu Afrika Mashariki nayo ipo. Inahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho watu wengi duniani wanacho mwilini bila hata kujua na hakiwafanyi kitu. Na dalili zake ndizo hizo za kupuuzwa: kinundu shingoni kisichouma, sikio moja kuziba, pua kutoka damu au kuziba upande mmoja. Kama unacho kinundu cha hivyo kwa zaidi ya wiki tatu, weka gazeti hili chini kwanza upige simu hospitali. Nitakusubiri.

Habari njema, tukaambiwa, ni kwamba aina hii inasikia mionzi vizuri. Mipango ikapangwa: mionzi mara 35, siku tano kwa wiki kwa wiki saba, kila siku grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi, kama kilo ilivyo kwa sukari), jumla grei 70 kwenye uvimbe wenyewe. Pamoja na hiyo, dripu ya dawa inaitwa cisplatin ya kuisaidia mionzi kazi.

Baba watoto alilipokea lile jambo kiume, mpaka nikawa namwonea wivu. Tuliuliza kuhusu kazi, chakula, ada za watoto. Kuhusu nywele, dokta alisema sentensi moja: zinaweza kudondoka kwenye eneo linalopigwa mionzi. Kwenye gari tulicheka. Eneo lenyewe si ni pua na shingo? Pua ina nywele gani za kupoteza?

Sasa kwa nini kisogo?

Hili ndilo swali nililomuuliza yule dada wa chumba cha mionzi, nikiwa nimekasirika kidogo. Alinijibu vizuri na kwa subira, na Mungu ambariki.

Mionzi haifiki kwenye uvimbe ikasimama. Inaingia upande mmoja, inapita, inatokea upande wa pili. Mashine za zamani za kobalti, ambazo hata Ocean Road ilizitegemea kwa miaka mingi kabla ya kuanza kutumia mashine mpya 2018, mara nyingi zilipiga kutoka kushoto na kulia, kwa hiyo nywele zilidondoka zaidi kuzunguka masikio. Mashine za sasa zinazunguka kichwa na kurusha kutoka pembe nyingi. Hilo linasaidia sana kuokoa tezi za mate, macho na uti wa mgongo, maana dozi kubwa inakutana palepale kwenye uvimbe tu. Lakini ile dozi ndogo ndogo inayopita lazima itokee mahali. Kwa mume wangu ilikuwa inatokea kisogoni.

Na nywele hazihitaji dozi kubwa ili zikimbie. Mizizi yake ni kati ya sehemu za mwili zinazofanya kazi bila kupumzika. Karibu nywele tisa kati ya kumi kichwani mwako sasa hivi ziko kwenye hatua ya kukua. Mionzi inapenda kugonga seli zinazojigawa haraka, ndiyo maana inaiweza saratani, na ndiyo maana inaiweza nywele pia. Inachukua wiki mbili au tatu hivi tangu kuanza, halafu unaamka na foronya nyeusi.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Ile picha ya mgonjwa wa kansa wa kwenye filamu, kichwa kama yai na nyusi hakuna, hiyo kwa kawaida ni kazi ya baadhi ya dawa za dripu. Cisplatin yenyewe mara nyingi inapunguza nywele tu. Mionzi ni tofauti kabisa: inachukua pale ilipopita, kwingine inaacha. Kwa hiyo mume wangu kwa mbele alikuwa mzima, nyusi zake zipo, nywele za utosini zipo. Kwa nyuma alikuwa na ukanda mweupe kutoka sikio mpaka sikio, umenyooka kama umepigwa rula. Na ndevu, zile ndevu zake alizokuwa anazichana kabla hata ya kupiga mswaki, zilibaki za mashavuni. Za chini ya taya zote zilikwenda.

Kwa wapenzi wa reggae: mionzi ndiyo hiyohiyo iliyoanza kuziangusha rasta za Bob Marley, saratani yake ya ngozi ilipokuwa imeshafika kwenye ubongo. Alifariki 11 Mei 1981, miaka 36. Mtu ambaye nywele kwake zilikuwa dini. Nilikuwa najua kwamba alikufa kwa kansa, lakini hilo la rasta sikuwahi kulifikiria mpaka yalipotufika.

"Ni nywele tu"

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Siku alipovua kapelo mbele yangu kwa mara ya kwanza, nilimwambia: "Baba watoto, ni nywele tu, zitaota." Nilisema kwa mapenzi kabisa. Nilidhani namfariji. Akavaa kapelo yake, akaenda sebuleni kuangalia taarifa ya habari. Usiku ule alilala chali, na kuanzia hapo akawa halali tena kwa kunigeukia ukuta kama alivyozoea, kwa sababu akigeuka kisogo nakiona mimi.

Alikuwa amevumilia kichefuchefu. Amevumilia mate mazito kama gundi na midomo iliyokauka, wali kuwa na ladha ya karatasi, kilo tisa kupotea. Hakulalamika. Na mimi nikachukua kitu kimoja kilichomuuma nikakiita "tu".

Wiki moja baadaye, tukiwa kwenye foleni ya daraja, ndiyo akasema. Macho yako mbele kwenye magari. "Uvimbe ulikuwa hauonekani, mke wangu. Ningeweza kwenda kokote, nani angejua? Hiki kinaonekana. Na mimi mwenyewe sikioni, wanaokiona ni wanaobaki nyuma yangu." Nilikuwa na jibu zuri kabisa mdomoni. Nikalimeza. Nikamuuliza tu kama anataka nimpigie picha akione.

Akafikiri mpaka tukavuka daraja. Akasema piga.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta nikampiga na simu. Akaiangalia kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Kumbe ni hivi? Mimi nilidhani ni vibaya zaidi."

Niwe mkweli, mambo ya faragha nayo yalikuwa yamesimama. Mtu mwenye mdomo mkavu na vidonda habusu. Mtu anayeficha kichwa hakubali kushikwa kichwa. Na kulikuwa na ndugu waliotuambia, kwa nia nzuri tu, watoto wasimkaribie kwa sababu ana mionzi mwilini. Hili nililipeleka hospitali siku ileile. Mionzi ya nje, inayotoka kwenye mashine, haibaki mwilini. Mashine ikizimwa imekwisha, kama taa. Unaweza kumkumbatia, kulala naye, kumpakata mtoto. Kuna tiba nyingine ambazo chanzo cha mionzi kinawekwa ndani ya mwili au dawa inamezwa, na hizo zina masharti yake ambayo utaambiwa. Ya mume wangu haikuwa hiyo. Binti yetu wa miaka mitano alirudi kukaa mapajani jioni ileile, akakipapasa kisogo cha baba yake, akatangaza kwamba ni uwanja wa mpira.

Jumamosi ya kinyozi

Kinyozi wake wa miaka yote alikuja nyumbani, maana saluni hakutaka kwenda. Kwanza nilikuwa nimewauliza wataalamu wa mionzi. Unajua kabla ya kuanza wanakutengenezea barakoa ya plastiki: inalainishwa kwenye maji ya moto, inatandazwa usoni ikiwa vuguvugu, inaganda kwa umbo lako, kisha kila siku unafungwa nayo kitandani ili usisogee hata kidogo. Kichwa kikibadilika unene, barakoa inalegea. Nywele zake zilikuwa fupi tangu mwanzo, wakasema nyoeni tu.

Dada zangu wenye rasta, wiving na mawigi, hapo mmesikia? Fumueni kabla ya siku ya kutengeneza barakoa. Mtindo utakaokwenda nao siku ile uwe wa kulala kichwani, bila vibanio vya chuma, na uwe ambao unaweza kukaa nao wiki zote zile. Ukienda na rasta nene, halafu wiki ya pili ukafumua, barakoa inapwaya, na inabidi itengenezwe nyingine huku siku zinakwenda.

Kinyozi aliomba kiti na kanga. "Shemeji, na wembe?" Wembe hapana. Ngozi ya shingo wakati huo ilikuwa imeungua, nyeusi, inabanduka kama ya mtu aliyelala juani. Mkato wa wembe pale ni mlango wa vijidudu. Spiriti hapana, pauda ya manukato hapana, taulo la moto hapana. Mashine ya umeme tu, yenye kitana chake, na sehemu zilizoungua asiziguse kabisa. Yule kijana alikuwa anapumua kwa woga kama anatahiri. Alimshusha nywele zote mpaka zikabaki kivuli, ukanda wa kisogoni ukapotelea humo. Alipomaliza alikataa hela. Baba watoto akamwekea mfukoni kwa nguvu.

Ya kila siku yalikuwa mepesi. Maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na harufu, kukausha kwa kugusa bila kusugua. Mafuta ni yale tuliyopewa hospitali, na hayapakwi kwa wingi muda mfupi kabla ya kuingia kwenye mashine. Juani anafunika kwa kitambaa cha pamba. Zile kofia za barafu ulizoziona mtandaoni zinasaidia baadhi ya wanaopata dawa za dripu. Kwa mionzi si dawa. Kama una mpango wa wigi, linunue mapema nywele zako zikiwepo ili ulinganishe rangi, na uvae kitu cha pamba chini yake.

Kusubiri

Alimaliza mwanzoni mwa Aprili. Nilidhani Mei tutaona kitu. Mei hakuna. Juni hakuna. Mama mkwe akaleta chupa ya mafuta ya nyonyo kutoka kijijini, amekamua mwenyewe, na mwanamke ambaye amesafiri na chupa siku nzima kwenye basi humwambii mafuta yako hayafai. Nilimwambia, "Asante mama, dokta kasema tungoje ngozi ipone." Ilikuwa kweli. Ngozi ilipopona tulipaka. Kama yalisaidia? Sidhani, ila yananukia nyumbani kwao, na alifurahi.

Kitaalamu, nywele zikirudi mara nyingi zinaanza kuonekana kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya mionzi kwisha. Wengine mpaka mwaka. Na kurudi kunategemea mzizi umekula dozi kiasi gani. Mzizi uliopigwa kidogo unazimia kisha unaamka. Uliopigwa sana unakufa, na penye mzizi uliokufa hapaoti. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2004, kwa watu waliopigwa mionzi kichwani, ulikadiria kwamba dozi ya mzizi ikifika kama grei 43, nusu ya watu hupoteza nywele za pale moja kwa moja. Ndiyo maana swali la kumuuliza dokta siyo "zitaota?" Muulize: "Kisogoni inafika kiasi gani? Kwenye taya je?" Kompyuta yao ya mipango inaonyesha. Sisi tulikuja kuuliza tumeshachelewa, lakini jibu lilitusaidia kuacha kusubiri kisichokuja.

Wapo wanaotumia dawa ya kupaka ya minoxidil zikikawia. Utafiti uliochapishwa Marekani 2020 ulionyesha kwamba wengi wa waliopaka, kati ya wale ambao nywele zao zilikuwa zimegoma kwa muda mrefu, walipata mabadiliko, ingawa si kila mara kichwa kilijaa. Usijipakie mwenyewe. Muone daktari wa ngozi, tena baada ya kupona. Na dawa za kulainisha nywele na rangi zisubiri mpaka ngozi itulie na daktari aseme sawa. Dada, najua inauma kusikia hivyo, lakini kichwa kilichoungua mara moja kinatosha.

Ilikuwa Agosti, nampaka mafuta, nikahisi kitu chini ya kidole. Si kuona, kuhisi. Vinyweleo laini, vya rangi ya kahawia, kama vya mtoto mchanga siku ya arobaini. Sikusema chochote kwa siku mbili, niliogopa kuwa ni mawazo yangu. Siku ya tatu nilichukua mkono wake nikaupeleka mwenyewe. Akapapasa, akapapasa tena. "Zimefika wapi?" Nikampiga picha.

Desemba ukanda ule ulikuwa umejaa, ila nywele zake ni laini kuliko zile za zamani na zimelala upande usioeleweka, kinyozi anazisumbukia mpaka leo. Chini ya taya upande wa kulia ndevu zilirudi chache chache. Upande wa kushoto, pale kilipokuwa kile kinundu na dozi yote ilipokwenda, ni laini kama kiganja. Hapajaota na hapataota. Alijaribu kuziacha zile za mashavuni zirefuke zifunike, akafanana na mbuzi aliyeliwa nusu. Ni yeye aliyesema hivyo, siyo mimi. Akanyoa zote. Ndevu zilizokuwa zinanichoma kwa miaka saba nikajikuta nazikumbuka, na nilimwambia hivyo. Sikusema "tu".

Vipimo vinaendelea kuja vizuri, na kliniki tunakwenda bado. Mate hayajarudi yote. Chupa ya maji ni kama mtoto wetu wa tatu, haibaki nyumbani.

Mwezi huo huo wa Desemba tulikuwa na harusi ya rafiki yake. Foleni ya chakula ndefu, ukumbi una joto, mume wangu kavua kapelo yake na kunipa niishike. Nyuma yetu alikuwepo kijana mmoja mtanashati, nikamwona anakikodolea macho kile kisogo, nywele zake zilizolala mkao wake, na ule mstari mwembamba ulioachwa chini ya sikio. Nikakaza mkono kwenye kapelo. Kijana akamgusa bega.

"Kaka samahani, nani amekunyoa hiyo staili?"

Baba watoto akageuka, sahani mkononi. "Mionzi."

"Iko wapi hiyo saluni?"

Alicheka mpaka ikabidi nimpe maji.